Ripoti inasema kuta za mirija ya korodani zimejaa kolajeni. Je, kunywa kolajeni kunasaidia?

*"Daktari, habari za kazi. Nina miaka 33, nimeoa mwaka wa nne sasa na hatujapata mtoto. Mke wangu ana miaka 30, amepimwa, mirija iko wazi na mayai yanapevuka. Mimi nimepima manii mara mbili, zote mbili hakuna mbegu hata moja. Ultrasaundi: korodani ya kulia mililita 9, ya kushoto 11. FSH 19, testosteroni 11.2. Nilipata matubwitubwi nikiwa na miaka 16, korodani zote zikavimba kwa wiki nzima. Mwezi uliopita nilifanyiwa biopsi ya korodani ya kulia. Majibu: 'mirija mingi ina seli za Sertoli pekee, kuta zimenenepa kwa kolajeni, baadhi ya mirija imekuwa kovu kabisa, mirija michache ina seli za mbegu zilizoishia hatua za mwanzo.' Muuza virutubisho anasema protini za korodani zimechoka, ninywe unga wa kolajeni, kopo shilingi 85,000 kwa mwezi, kwa miezi sita. Rafiki wa gym ananishauri sindano za testosteroni. Naomba ukweli: protini hizi zinajengeka upya? Na je, ndiyo mwisho wangu?"*

Ndugu yangu,

Pole kwa miaka minne ya kusubiri, na asante kwa kuweka namba zote. Nianze na mawili yanayotaka uamuzi leo. Kopo lile usinunue. Sindano ya testosteroni usiiguse kabisa, nitakueleza sababu huko mbele. Kuhusu mwisho: ripoti yako si nzuri, ila haijasema kwamba korodani zako hazina mbegu. Imesema kipande kimoja kilichokatwa kwenye biopsi, cha upande mmoja, hakikuonyesha mbegu zilizokomaa. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na kwa mtu wa hali yako tofauti hiyo ni kubwa mno.

Muuzaji wako ameisoma ripoti kinyume. Ameona neno kolajeni karibu na maneno mabaya, akadhani imepungua. Ripoti inalalamika kwamba imezidi. Kolajeni ni protini ya nyuzi ngumu. Ndiyo inayoshikilia ngozi, kano na mifupa, na ndiyo inayojaza kidonda kikipona kwa kovu. Kuta za mirija yako zimefanya kile ambacho ngozi hufanya baada ya kuungua.

Hata kama ingekuwa imepungua, kuinywa kusingeifikisha huko. Mchuzi wa kongoro ukilala usiku kucha asubuhi unakuta umeganda kama jeli. Hiyo ni kolajeni iliyolainishwa na moto. Unga wa kopo ni jamaa yake wa karibu, umetolewa kwenye ngozi na mifupa ya ng'ombe au ngozi ya samaki, ukakatwakatwa mpaka ukayeyuka kwenye maji. Ukifika tumboni unakatwa tena na vimeng'enya mpaka zibaki amino asidi na vipande vifupi vya amino asidi mbili tatu. Hizo zinaingia kwenye damu na kuchanganyika na zile zilizotoka kwenye maharage na dagaa, na mwili hauna lebo ya kuonyesha ipi ilitoka wapi wala iende wapi. Kolajeni ya ukuta wa mrija inatengenezwa palepale ukutani, na seli za ukuta zenyewe, zikipewa amri na majeraha na uvimbe. Kwa hiyo kopo halitaongeza kovu lako wala kulipunguza. Litapunguza akiba yako tu, shilingi 510,000 kwa miezi sita, pesa ambazo nitakuonyesha pa kuziweka.

Supu ya pweza nayo iko kundi hilohilo. Ni chakula kizuri chenye protini ya kutosha, mtu anywe kwa raha yake. Lakini watu wanaisifia kwa nguvu za kiume, na nguvu za kiume si uwezo wa kutungisha mimba. Mwanaume anaweza kuwa imara kitandani, akatoa manii mengi meupe, na ndani yake pasiwe na mbegu hata moja, kwa sababu karibu yote yanayotoka ni majimaji ya tezi nyingine, si ya korodani. Wewe ni mfano wa hali hiyo. Vilevile wapo watakaokuambia ni chango, au ni ngiri, au ni punyeto ya ujanani. Punyeto haijengi kovu kwenye mrija wa korodani. Historia yako ina sababu iliyo wazi zaidi.

Sasa tuingie ndani ya korodani. Kwa nje imefunikwa na ganda jeupe, gumu, linaloitwa tunika albuginea, na ganda hilo karibu lote ni kolajeni. Ndani kuna vyumba vidogo kama 250, kila kimoja kimebeba mirija kati ya 1 na 4 iliyojikunja kama uzi uliofumbatwa. Ukiikunjua yote inafika mita mia kadhaa. Mrija mmoja una upana wa takribani moja ya tano ya milimita. Mbegu zinatengenezwa humo, na si kwingineko.

Ukikata mrija kama unavyokata bamia na kuutazama kwa darubini, utaona duara. Kwenye ukingo wa duara kuna ukuta wa tabaka chache za seli bapa zilizolala kama maganda ya kitunguu. Seli hizo zina aktini na miosini, protini zilezile za misuli, na kazi yake ni kujibana polepole ili kusukuma mbegu mbele, maana mbegu ikitoka kiwandani haijui bado kuogelea. Katikati ya seli hizo kuna nyuzi za kolajeni za aina ya 1 na ya 3, chache, za kutosha kuufanya ukuta usichanike. Ndani zaidi kuna utando mwembamba sana wa kolajeni aina ya 4 na laminini. Laminini ni protini ya kunatisha: seli mama za mbegu zimeng'ang'ania hapo, na zikiondoka kwenye utando huo haziishi muda mrefu kama seli mama.

Juu ya utando huo zimesimama seli za Sertoli, zilizopewa jina la Mtaliano Enrico Sertoli aliyezieleza mwaka 1865. Ni ndefu, zimeanzia ukutani mpaka katikati ya mrija, na zimejengwa kwa fito za protini iitwayo vimentini inayoshikilia kiini na kuwapa watoto wao, yaani seli za mbegu, pa kujishikiza. Seli ya Sertoli na jirani yake zimeshonwa kwa protini kama klaudini-11 na okludini. Mshono huo hukamilika wakati wa balehe na hutenga mbegu changa na damu, kwa sababu kinga ya mwili haizitambui mbegu na ingezishambulia kama mgeni.

Jambo moja hapa ndilo linaloeleza ripoti yako. Mishipa ya damu inaishia nje ya mrija. Ndani hamna hata mmoja. Oksijeni, sukari, homoni ya FSH inayotoka kichwani kuziamsha seli za Sertoli, testosteroni kutoka seli za Leydig zilizo nje, vyote vinapenya ukuta kwenda ndani, na taka zinapenya kutoka. Kwa ukuta wa mikromita chache (mikromita moja ni moja ya elfu ya milimita) hilo ni rahisi. Kolajeni ikijipanga tabaka juu ya tabaka, safari inakuwa ndefu, seli za ukutani zinapoteza zile protini za msuli na kugeuka watengenezaji wa nyuzi, mrija unaacha kujibana, na seli za mbegu zinaanza kufa kuanzia zile zenye mahitaji makubwa. Seli za Sertoli ni sugu, hubaki nyuma peke yake. Ndiyo maana ya "Sertoli pekee". Mwisho kabisa hata hizo zinakufa, duara linajaa kitu cha rangi ya waridi kisicho na seli. Huo ndio mrija uliokuwa kovu kabisa.

Kilichoanzisha haya kwako, kwa uwezekano mkubwa, ni yale matubwitubwi. Virusi vyake vikimpata mtoto wa miaka mitano mara nyingi huishia kwenye mashavu. Kwa kijana aliyekwisha kubalehe, kati ya 15 na 30 kwa kila 100 huvimba korodani, wengi upande mmoja tu. Wewe ulivimba zote mbili. Lile ganda la kolajeni la nje halinyumbuki. Mkono ukivimba ngozi inatanuka, korodani ikivimba haina pa kwenda, shinikizo linapanda ndani, damu inapita kwa shida, na mirija inabanwa kwa siku kadhaa. Iliyokufa inajazwa kovu. Walio na vijana wa kiume nyumbani wajue kwamba chanjo ya kawaida ya watoto Tanzania na Kenya ni ya surua na rubela, kinga ya matubwitubwi haimo. Kijana akiugua na korodani zikauma, aende hospitali siku hiyohiyo.

Umeuliza kama zinajengeka upya. Mrija uliokwisha kuwa kovu haurudi. Hakuna dawa iliyothibitishwa kuyeyusha kolajeni hiyo kwa binadamu, iwe ya hospitali au ya mitishamba. Seli za Sertoli huacha kuzaana baada ya balehe, na mrija uliopoteza seli mama zake zote hauna pa kuzitoa nyingine. Utaona matangazo ya sindano za seli shina, au za plazma ya damu yako mwenyewe kudungwa kwenye korodani. Hizo bado ni mambo ya utafiti, usizilipie. Vidonge vya zinki na foliki asidi navyo vimepimwa sawasawa: utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 uliwapa wanaume 2,370 zinki miligramu 30 na foliki asidi miligramu 5, au vidonge visivyo na dawa, kila siku kwa miezi 6. Waliopata mtoto walikuwa asilimia 34 upande wa dawa na 35 upande wa pili.

Lakini mirija haifi yote kwa mpigo. Ndani ya korodani moja, mrija uliokuwa kovu unaweza kulala kando ya mrija unaofanya kazi. Madaktari wa patholojia hutumia alama za Johnsen: kila mrija unapewa alama kuanzia 1 hadi 10. Alama 1 ni mrija usio na seli, 2 ni Sertoli pekee, 3 una seli mama, 4 na 5 zimefika hatua ya kugawanyika, 6 na 7 zina mbegu changa za duara, na kuanzia 8 kuna mbegu zilizokamilika. Halafu hupigwa wastani, na wastani unaficha. Chukua mirija 100: 97 ina alama 2, mitatu ina alama 8. Wastani wake ni 2.18, karatasi itasomeka kama kilio. Lakini mirija mitatu yenye mbegu inatosha, kwa sababu kwa njia ya kudunga mbegu ndani ya yai, ambayo mimba zake za kwanza ziliripotiwa kutoka Brussels mwaka 1992, yai moja linahitaji mbegu moja. Kwa hiyo rudi kwa aliyesoma biopsi umuulize: mrija uliokuwa bora kuliko yote ulikuwa na alama ngapi, na mliangalia mirija mingapi? Ripoti yako inataja mirija michache yenye seli zilizoishia njiani. Maana yake mahali fulani seli mama bado zipo.

Muulize pia kipande kilihifadhiwa kwenye nini. Tishu ya korodani hupendelea kimiminika cha Bouin. Ikiwekwa kwenye formalini ya kawaida mirija hunywea, seli huachana na ukuta, na hatua za mbegu zinakuwa ngumu kutofautisha. Ikiwa ilikuwa formalini, vioo vile vya darubini vyenye tishu yako bado vinafaa kusomwa upya na mtu aliyezoea korodani. Vioo na vipande vya nta ni haki yako kuviomba.

Namba zako sasa. FSH ya yuniti 19 kwa lita iko juu. Kwa wanaume wengi haizidi 12 hivi. Seli za Sertoli zikishiba kazi hutoa homoni ya inhibini inayoituliza tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na inayotoa FSH. Kazi ikipungua breki inalegea, FSH inapanda. Hiyo, pamoja na korodani za mililita 9 na 11 wakati kawaida ni 15 hadi 25, inatuambia shida iko kiwandani. Ingekuwa njia imeziba, kama wanavyopata wengi baada ya kisonono au klamidia kukaa bila tiba, FSH na ukubwa wa korodani vingekuwa vya kawaida. FSH kubwa haimaanishi hakuna mbegu, na asitokee mtu akakukatia tamaa kwa namba hiyo pekee. Testosteroni ya nanomoli 11.2 kwa lita iko chini chini. Irudie, damu itolewe kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi kabla hujala, pamoja na LH, homoni inayoiamuru korodani itengeneze testosteroni, na prolaktini, homoni nyingine ya pituitari.

Na hapo ndipo naomba unisikilize kuhusu sindano. Testosteroni iliyo ndani ya korodani ni makumi ya mara kuliko iliyo kwenye damu, na mbegu zinahitaji ile ya ndani. Ukidunga ya nje, ubongo unaona damu imejaa, unazima LH na FSH, kiwanda cha ndani kinalala, testosteroni ya damu inapendeza kwenye karatasi na ile ya ndani inaporomoka. Mwanaume mwenye korodani nzima anaweza kukaa miezi 6 hadi 24 akisubiri mbegu zirudi baada ya kuacha. Wewe uliyebakiwa na mirija michache huna cha kuchezea. Kagua pia unga na vidonge vya gym ulivyonavyo, baadhi huchanganywa homoni bila kuandikwa. Kama kipimo cha pili kitathibitisha testosteroni iko chini, daktari wa homoni au wa urolojia anaweza kukupa dawa zinazoisukuma korodani yenyewe itengeneze zaidi, kama klomifeni, letrozoli au hCG. Ushahidi wake kwa mtu wa aina yako ni mdogo, ila haziui kilichobaki.

Hatua ya kwanza ni ya bei nafuu kuliko zote na mara nyingi huachwa: rudia kipimo cha manii kwa namna sahihi. Kaa bila kutoa manii siku 2 hadi 7. Toa hapohapo maabara, kwenye kikopo chao chenye mdomo mpana, bila mate, sabuni, mafuta wala kondomu ya kawaida. Tone la kwanza lisimwagike, likimwagika sema. Kisha mwambie fundi wa maabara, kabla hajaanza, kwamba unataka sampuli yote izungushwe kwenye sentrifuji kwa dakika 15 kwa nguvu ya 3,000 g, na mashapo yaliyotuama chini yachunguzwe yote. Kwa tone la kawaida chini ya darubini, mbegu tano kwenye sampuli nzima hazionekani na ripoti itasema "hakuna". Zikipatikana hata hizo tano, zigandishwe, na huenda usihitaji kisu. Rudia hivyo mara mbili, wiki kadhaa kati yake.

Cha pili ni damu ya kupima kromosomu na vipande vya kromosomu Y. Hapa ndipo hela ya makopo iende. Kuta zilizojaa kolajeni ndivyo zinavyoonekana pia kwa mwanaume aliyezaliwa na kromosomu X ya ziada, yaani 47,XXY, hali inayompata mvulana mmoja kwa kila 600 hivi na wengi wao hawajui mpaka wanapotafuta mtoto. Korodani zao kwa kawaida ni ndogo kuliko zako, chini ya mililita 5, lakini wapo wenye mchanganyiko. Kwenye kromosomu Y kuna maeneo matatu, AZFa, AZFb na AZFc. Likikosekana lote la a au la b, upasuaji wa kutafuta mbegu haupati kitu, na umeokoa pesa na korodani. Likikosekana la c, mbegu bado hupatikana kwa wengi, ila mtoto wa kiume atarithi upungufu huo, na ni vema mlijue hilo mapema nyinyi wawili. Maabara nyingi za kwetu hutuma sampuli hizi nje ya nchi, kwa hiyo uliza bei na wiki ngapi kabla hujatoa mkono.

Daktari akupapase pia ukiwa umesimama, ukibana pumzi. Mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani ya kushoto, varikosili, huhisi kama mfuko wa minyoo, hupandisha joto la korodani, na nayo hunenepesha kuta za mirija. Korodani inataka nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Kwa wanaume wa pwani kuna na busha, maji yanayokaa kuizunguka na kuifunika kama blanketi. Yote mawili yanatibika, na ni bora yajulikane kabla ya hatua inayofuata.

Hatua hiyo ni upasuaji wa kutafuta mbegu kwa darubini. Daktari anafungua lile ganda, anatandaza mirija, na kwa ukuzaji wa mara 15 hadi 25 anaipitia kidogo kidogo. Mrija wa kovu unaonekana mwembamba, wenye kung'aa kiasi. Mrija wenye mbegu umenenepa na una weupe mzito, kwa kuwa umejaa seli. Anachukua hiyo, mtaalamu wa maabara anaipasua palepale na kutafuta. Kazi inaweza kula saa 2 hadi 4 chini ya usingizi. Kwa ujumla wake, mbegu hupatikana kwa karibu nusu ya wanaume wenye shida ya kiwanda, na historia ya matubwitubwi haikuweki upande mbaya wa hesabu hiyo. Aina ya kusimama kwa ukuaji inabadilisha namba: iwapo mirija yote imeishia hatua moja ileile, matumaini ni madogo kuliko ripoti yenye mchanganyiko kama yako.

Usikimbilie. Baada ya biopsi subiri miezi 6 hivi, uvimbe uishe na damu iliyovia itoke. Kutengeneza mbegu moja kunachukua siku 64 hadi 74, kwa hiyo uvutaji wa sigara, bangi, maji ya moto ya kuchemka na kompyuta ya mapajani viache sasa kama vipo. Sitakudanganya kwamba hayo yataleta mbegu, ila yanailinda mirija iliyobaki. Vituo vya kurutubisha mayai nje ya mwili vipo Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Kabla ya kulipa uliza: huyo daktari ana darubini ya upasuaji, au hunyofoa vipande kwa kubahatisha? Ameshafanya mara ngapi na amepata mara ngapi kwa watu wasiozibwa njia? Je, kuna mtu wa kugandisha mbegu hapohapo? Biopsi iliyofanyika bila kugandisha chochote, kama hiyo ya kwako inavyoelekea, ni nafasi inayopotea kwa wanaume wengi, na linaniuma kila linaporudiwa. Uliza pia gharama za sindano za kukuza mayai ya mkeo na za kuyavuna, kwa sababu upasuaji wako ni nusu ya safari, na hata mbegu zikipatikana si kila yai hutunga. Miaka 30 ya mkeo ni faida kubwa. Ikiwa fedha haitatosha mpaka miaka mitano ijayo, hesabu inabadilika kwa upande wake, si wako.

Hatari zake uzijue. Damu inaweza kuvia ndani, na testosteroni hushuka kwa muda kisha kwa wengi kupanda tena ndani ya mwaka mmoja na nusu. Wachache hubaki chini na kuhitaji homoni maisha yote. Wewe unaanzia chini, kwa hiyo ipimwe baada ya miezi 3, 6 na 12.

Mbegu zisipopatikana, zimebaki njia mbili, mbegu za mchangiaji na kulea mtoto kisheria. Ya kwanza dini za wengi haziiruhusu, na hakuna daktari wa kukusukuma. Ya pili kwa Tanzania inapitia ofisi ya ustawi wa jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Zungumzeni wewe na mkeo kabla ya upasuaji, siyo siku ya majibu.

Niongeze kidogo kwa wengine wanaosoma swali hili wakiwa na mbegu zisizoogelea: protini zenye shida kwenu huenda haziko ukutani, ziko ndani ya mbegu. Mkia una jozi 9 za vijiti vya tubulini zikizunguka viwili vya katikati, na dineini ndiyo injini inayoviburuza. Jeni kama DNAH1 ikiharibika, mikia yote inakuwa mifupi, imejikunja au haipo. Na kichwani, DNA inafungwa na protamini mpaka inakuwa ndogo kuliko kwenye seli nyingine yoyote. Ikifungwa vibaya inakatika. Hayo yana vipimo vyake na ni swali jingine.

Wewe nenda kwa daktari wa urolojia ndani ya wiki chache ukiwa na majibu yote, vioo vya biopsi, na mke wako. Nenda siku hiyohiyo ukiona kidonda cha biopsi kinatoa usaha, homa imepanda au mfuko unazidi kuvimba. Korodani ikiuma ghafla kwa nguvu usingoje asubuhi, ikiwa imejipinda una saa 6 hivi za kuiokoa. Na kwa kuwa korodani ndogo zenye kovu zina hatari kubwa kidogo ya saratani kuliko za wengine, zipapase mwenyewe mara moja kwa mwezi baada ya kuoga maji ya uvuguvugu, moja moja, kwa kidole gumba na vidole viwili. Uvimbe mgumu hata wa ukubwa wa punje ya hindi, usiouma, upelekwe ultrasaundi wiki hiyo.